Mahindi Yalipofika Magotini

Kila nikipita mbele ya duka la pembejeo kule Ng'ambo, Tabora mjini, ile harufu ya mbolea ya chumvichumvi hunikamata puani, nami huvuka upande wa pili wa barabara. Wenzangu hunicheka. Wacha wacheke, hawakuwepo kijijini kwetu, upande wa Ipole, miaka ile ya Ujamaa.

Mashamba yetu yalikuwa bega kwa bega. Kila kaya na kipande chake, vyote vimepakana, na hakuna aliyeruhusiwa kuanza kazi kabla ya wenzake. Mwaka ule mbolea ililetwa kwa lori. Bwana shamba wetu, Joeli, alitufundisha vizuri, hilo simnyimi: mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, weka mbolea ya kujaa kisoda kimoja, kile kifuniko cha chupa ya soda, kila shina, fukia. Ukichelewa umelisha majani, si punje.

Mama akanifanya mimi kipimo. Baba alikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki, mdogo wangu Shija bado wa mgongoni, na ndani ya kihenge chetu cha nafaka ufagio ulikuwa umeanza kugusa chini. Kila asubuhi mama alinisimamisha katikati ya mistari. Siku majani yaliponitekenya magoti, akanishika mkono hadi kwa Mihambo, katibu wa kijiji, aliyeshika ufunguo wa stoo. Tulimkuta barazani na Joeli na watu wengine.

"Shikamoo katibu. Mahindi yamefika magotini."

"Marahaba. Goti la nani, mama Nyamizi? La huyu kimbaumbau? Goti lake liko chini kama la kuku."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Mama hakucheka.

"Mbolea inasubiri mkubwa kutoka Tabora," Mihambo akasema. "Anakuja kuizindua, aweke kisoda cha kwanza kwa mkono wake. Sasa akikuta mmeshaweka, atazindua nini?"

Mama akamgeukia Joeli. "Baba, wewe ndiye uliyetufundisha. Sema basi."

Joeli akatazama viatu vyake. "Tusubiri kidogo, mama."

Tukasubiri. Mvua zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mahindi yakanifika kiunoni, yakanifika kifuani, majani yakigeuka manjano kuanzia nchani. Mama alikwenda akakaa chini mlangoni pa stoo, Shija mgongoni. Mihambo akaja, hakupandisha hata sauti: "Anayegusa kufuli hilo anapinga kijiji. Na mpinga kijiji hana kipande hapa." Mama akainuka, akapangusa kanga, tukarudi nyumbani.

Mkubwa alikuja mahindi yameshatoa mbelewele, yale maua ya kileleni, yamenipita kichwa. Ngoma ikapigwa. Akainama, akaweka kisoda chake, Mihambo akapiga makofi kuliko wote, na Joeli naye akapiga. Kisha mkubwa akaniona, akanishika kichwa.

"Mwaka huu utashiba, binti."

"Ahsante," nikasema.

Mama akanigeukia kwa jicho ambalo sijalisahau.

Stoo ikafunguliwa, kila kaya ikaweka mbolea yake, na baada ya mvua mbili tatu shamba likawa kijani cha kung'aa. Nilikimbia ndani yake nikiimba, nikamwambia mama tumepona. Aliendelea kumnyonyesha Shija. Tulipovuna, tulimenya maganda makubwa na ndani tukakuta magunzi yenye punje moja moja, kama meno ya bibi kizee. Shija hakuivuka njaa ile. Mihambo alipandishwa cheo, na Joeli akahamishiwa Kaliua kufundisha wengine. Nawataja kwa majina kwa sababu hakuna mwingine atakayewataja.

Lile jicho la mama nililibeba miaka mingi, nikidhani alinikasirikia kwa kutomwamkia mgeni. Niliposhika jembe langu mwenyewe, nikayaona mahindi yakitoa mbelewele, ndipo nilipojua. Siku ile, ngoma zikilia, mama alikuwa ameshajua kwamba hatutavuna, na mwanawe alikuwa akishukuru.