Jiwe Juu ya Tenga

Harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa huwaita watu wengi mezani. Mimi hunitoa nyumbani. Wajukuu zangu wakitaka supu huwaambia wakababulie kwa jirani, nao hunong'onezana kwamba bibi ana maringo. Sina maringo. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya zamani, tangu nina miaka tisa, wakati wa Mwingereza, tulipokuwa tukikaa Dunda katika nyumba ya makuti.

Mliokulia chini ya makuti mnajua yanavyokauka kaskazi ikivuma. Cheche moja ya jikoni iliweza kumaliza mtaa. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowaeleza, paa la jirani lilishika moto, na mtu aliyekuwa juu ya ngazi akiyang'oa makuti akaanguka na kuvunjika nyonga, kwa sababu mbuzi alipita mbio akaigonga ngazi. Basi jumbe wetu akatoa amri. Ngoma ya moto ikilia, kila nyumba ifunge wanyama wake palepale: mbuzi kwa kamba fupi, kuku na paka wafunikwe matenga, na juu ya tenga liwekwe jiwe. Kazi hiyo ilikuwa yetu watoto. Tukimaliza tukimbilie pwani, watu wazima wabaki na ndoo na ngazi zao.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Siku ya mkutano aliuliza swali moja tu.

"Jumbe, kufunga tumesikia. Kufungua ni kazi ya nani?"

Watu wakacheka. Jumbe naye akacheka, akamjibu kwa sauti ya kubembelezea mtoto, "Bibi, tuokoe watu kwanza. Hao wanyama wana Mungu wao."

Kila Ijumaa baada ya sala ngoma ilipigwa ya mazoezi, na haki ya Mungu nilikuwa hodari. Nilikuwa na paka mweupe niliyemwita Bafta, mzito, mvivu, mwenye kulala juu ya miguu yangu hata wakati wa joto. Mara za kwanza alinikwaruza. Baadaye alizoea, akawa anaingia tengani mwenyewe, maana alijua nikirudi nitamfunulia nimpe vichwa vya dagaa. Jumbe alinisimamisha mbele ya watoto wote akasema huyu ndiye askari wake. Nilivimba kichwa siku tatu.

Moto wenyewe haukungoja Ijumaa. Ulianza asubuhi, kwa mama mmoja muuza vitumbua, ubavuni mwa nyumba ya jumbe, na upepo ukauleta upande wetu. Ngoma ikalia. Nikamwita Bafta, akaja bila haraka, akaingia. Nikaweka jiwe. Nilichagua lile kubwa.

Pwani tuliketi mchangani tukiutazama moshi. Nilipoona umefika kwetu niliinuka nirudi, lakini mwanamke aliyewekwa kutulinda alinikamata gauni, akasema amri ni amri. Nilimng'ata mkono. Hakuniachia, nami sijamwomba radhi hadi leo.

Tuliruhusiwa kurudi adhuhuri. Nyumba nne zilikuwa majivu, na ya mwisho yetu. Tenga halikuwepo tena. Jiwe lilikuwepo, jeusi, na chini yake palikuwa na kile ambacho sitawaeleza zaidi ya harufu yake. Bibi alikuwa ameketi chini kando ya ua, mikono imebabuka, kisu chake cha jikoni kiko mapajani. Nilimpigia kelele, mimi mtoto niliyefunzwa kumwamkia kwa magoti. Nilimwuliza alikuwa wapi, yeye aliyejua.

"Sikuwahi, mjukuu wangu," akasema.

Nikaona ni kisingizio. Sikusema naye wiki nzima.

Alasiri jumbe alitukusanya. Alisema hakufa mtu, tumshukuru Mungu, na hilo lilikuwa kweli, nami namshukuru. Lakini hakuishia hapo. Alisema, "Na safari hii wanyama hawakutusumbua hata kidogo." Watu wakaitikia. Kisha akatuonyesha mbuzi wake wawili, waliokutwa wazima minazini, akasema wamekata kamba wenyewe kwa nguvu zao. Mmoja bado alikuwa na kipande cha kamba shingoni, na jumbe alikishika akakiinua tukione. Nilikuwa mbele kabisa. Ncha yake ilikuwa imenyooka, nyuzi zote sawasawa.

Kwa miaka mingi nilikumbuka ncha ile bila kujua kwa nini. Nilikuwa mke wa mtu, nina mbuzi wangu, siku moja mmoja wao alipokata kamba kweli. Nikaiokota. Ilikuwa imechanguka, nyuzi ndefu na fupi. Nikasimama nayo uani hadi chungu kikaungua.

Kamba ya jumbe ilikatwa kwa kisu. Yule bibi aliyechekwa mkutanoni alikuwa ameanzia kwenye moto, kwa sababu huko ndiko wanyama wangekufa kwanza. Aliingia uani kwa jumbe kabla ya kuingia kwake, akaungua mikono kwa ajili ya mbuzi wa mtu aliyemcheka. Ndiyo maana hakuwahi kwetu. Na jumbe alijua. Kamba alikuwa ameishika mkononi. Aliona afadhali awasifu mbuzi kuliko kukubali kwamba swali lile lilistahili jibu, na Ijumaa iliyofuata ngoma ikalia, watoto wakafunga kamba fupi kama kawaida.

Huambiwa marehemu hasemwi. Mimi namsema. Jiwe niliweka kwa mikono yangu na sikatai, ila waliponifunza kuliweka, hakuna aliyenifunza kuliondoa.

Lakini Bibi alikuwa amekwisha kufa nilipoyajua haya. Wiki ile nzima alinimiminia chai kwa mikono iliyofungwa matambara, nami nikapokea kikombe bila kumtazama.