Mdomo wa Dada

Mama alizaa zeruzeru wawili, dada yangu na mimi, na pale Kichiwa hakuna asiyetujua. Enzi hizo za Mwingereza tulivuna pareto asubuhi za ukungu, vidole vimekufa ganzi. Jua likitoka tulilishukuru. Kwetu jua ni kitu cha kuota, kama moto.

Kidonda kilianza kwenye mdomo wa chini wa dada, kidogo tu, kama mpasuko wa baridi. Kilikauka, kikafumuka tena, kikazidi kukua. Akawa anajifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Wengine walisema ni donda ndugu, wengine wakasema ameponzwa na ulimi wake.

Jumapili moja ya Meza ya Bwana tulipanga mstari mbele ya madhabahu, mimi nyuma yake. Mwanamke mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kutusikizisha, "Mimi sinywi baada ya mdomo ule."

Mchungaji alisita, kikombe mkononi. Dada akakitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye benchi bila kunywa. Nikamfuata. Ngozi yetu haifichi kitu: tulikuwa wekundu hadi masikioni, na kanisa zima lilituona.

Wiki ileile baba akatupeleka hospitali ya misheni, upande wa Uwemba, ambako hatukujulikana. Daktari alimtazama dada mdomo, akampapasa chini ya taya, kisha akaikagua mikono yangu yenye madoa.

"Hii ni kansa," alisema. "Imeletwa na jua."

Baba hakuelewa. "Jua gani, bwana daktari? Kwetu ni baridi tupu."

"Baridi haizuii mionzi ya jua, mzee. Na huku juu milimani ni mikali zaidi. Ngozi ya wanao haina rangi ya kuwakinga."

Dada aliuliza neno moja tu, macho sakafuni. "Inaambukiza?"

"Haiambukizi hata kidogo."

Hapo ndipo alipolia.

Walimkata sehemu ya mdomo, uliobaki ukavutika upande mmoja. Baba alitaka kuwaeleza watu kanisani, dada akamkatalia. Alisema kutetewa hadharani kungemuaibisha zaidi.

Mimi niliamriwa kuvaa kofia pana na shati la mikono mirefu, nikatafutiwa kazi ya ndani kwa fundi cherehani, Makambako. Kofia iliyopatikana ilikuwa ya kike. Vijana wa sokoni waliniita bibi harusi, basi nikawa naivua kila nikikaribia soko.

Siku moja dada alikuja kunitembelea, akanikuta juani nimeishika mkononi.

"Vaa, mdogo wangu."

"Wananicheka, dada."

Alishusha kanga mdomoni, palepale kati ya wauza viazi, akasimama hivyo watu wamtazame. Kelele zikapungua. Nikaivaa kofia haraka, nikitamani ardhi ipasuke inimeze, na yeye akajifunika tena.

Baadaye uvimbe ulimtokea dada chini ya taya, na safari hiyo daktari hakuwa na la kufanya. Tulimzika saa nane mchana, jua likiwaka baada ya ukungu kutoweka. Wanaume wote walivua kofia kaburini. Mjomba akaniashiria nami nivue, mara ya kwanza, kisha mara ya pili kwa hasira. Niliinamisha kichwa, nikawasikia watu wakiguna nyuma yangu, lakini sikuivua.