Lundo la Mchanga wa Macalder

Gofu nilijifunza kwa video za simu, na mpira ukiingia kwenye shimo la mchanga la uwanjani sikuweza kuutoa. Jumamosi nilikuwa na mashindano yangu ya kwanza, kwa hiyo nilienda machimboni Macalder kujizoeza kwenye lundo la mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Mchanga uliruka mbali kuliko mpira.

“Wewe, nyathina, mwanangu!” akaniita mama mwenye lundo. “Huo bado una dhahabu. Unanimwagia riziki!”

Nikauzoa kwa mikono, nikamwomba pigo moja la mwisho. Safari hii niliogopa kumwaga mchanga wake, fimbo yangu ikachota kama kijiko kimoja tu cha sukari. Mpira ukapaa, ukatua nyasini. Nami, nakiri, nikalalamika kwamba umeenda kushoto kidogo.

“Si umetoka?” akasema. “Haya, toka na wewe.”