Visahani vya Mwalimu Luoma

Mwalimu Verna Luoma alifundisha fizikia katika mji wa migodi iliyokwisha, kaskazini mwa Michigan, ambako theluji hung'ang'ania hadi Aprili. Kila mwaka wanafunzi wake walitengeneza roboti ya kurusha mipira kikapuni, na kila mwaka walirudi mikono mitupu. Safari hii bodi ya shule ilishasema: wasipofika mashindano ya jimbo, karakana inafungwa. Verna hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na karakana.

Siku moja kabla ya safari ya mashindano ya mchujo waliipandisha roboti kwenye mizani. Ilizidi uzito unaoruhusiwa.

"Imenenepa kama mjomba wangu baada ya Krismasi," alisema Onni, kijana aliyebuni mkono wa kurushia.

"Toboeni mkono," Verna akaamua. "Uzito uko pale."

"Ticha, si utabaki chekeche?"

"Afadhali chekeche kuliko kubaki nyumbani."

Wakatoboa mpaka mizani ikaridhika. Visahani vya alumini vilivyotoka kwenye matundu vilidondoka sakafuni, watoto wakaviokota, wakavitia uzi na kuvivaa shingoni kama hirizi.

Kesho yake uwanjani, mkaguzi mwenye masharubu alichomoa betri ndipo akapima.

"Betri haihesabiwi, mnajua," alisema. "Mko chini sana. Mngeweza hata kuongeza chuma."

Kanuni ile Verna aliijua miaka yote, tena aliwafundisha walimu wengine. Jana walipima betri ikiwa ndani. Alimtazama Onni, naye Onni akaangalia viatu vyake.

Mkono wa akiba hawakuwa nao. Mechi ya kwanza roboti ilifunga mpaka jukwaa likasimama, na Verna, maskini, akaanza kuamini. Mechi ya pili wapinzani waliwagonga kidogo tu, mkono ukakatika palepale kwenye matundu. Tangu hapo roboti ilizunguka tu uwanjani bila kazi.

Alasiri, manahodha wa timu zilizoongoza walipokuwa wakitafuta wenzao wa kucheza nao fainali, mmoja wao, msichana, alimjia Verna.

"Mwalimu, mkono unatengenezeka?"

Angeweza kusema ndiyo.

"Hautengenezeki," alisema.

"Poleni. Ulikuwa mzuri kweli." Akaenda kwa wengine, na safari ya jimbo ikaishia hapo.

Ndani ya basi Verna alisimama mbele yao. "Betri ilikuwa ndani. Ni mimi niliyesahau. Mkono wenu haukuwa na kosa."

"Tunajua, Ticha," alisema Onni. "Tangu asubuhi."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Mei karakana ilifungwa. Siku ya kukabidhi funguo, wanafunzi walivua visahani vyao, wakaviunga kuwa mkufu mmoja na kumletea.

"Ili usitusahau," alisema Onni.

Vilikuwa vingi kuliko alivyodhani, na hata kimoja hakikupaswa kutoka mahali pake. Verna aliinamisha kichwa wamvishe, kwa kuwa walikuwa wakimtazama.