Aya Moja Juu, Aya Moja Chini

Saa moja na robo asubuhi, Mama Gundi ameinamia Biblia ya mtu anayetaka kumfukuza.

Kitabu kimelala kifudifudi juu ya meza ya mbao, mgongo wazi, nyuzi zimekatika. Anapitisha sindano yenye uzi uliopakwa nta, anavuta, anabana kwa kidole gumba, anapitisha tena. Pembeni, chini ya chupa ya gundi ili upepo usiipeperushe, iko karatasi moja iliyopigwa chapa. Ina mistari minne. Katika mistari hiyo fundi anaahidi kwamba kuanzia leo atashona vitabu tu, na hatajibu swali lolote la imani atakaloulizwa ndani ya chumba hiki.

Mahali pa sahihi pako wazi. Saa tisa alasiri kamati ya wazee wa kanisa inakutana ukumbini, hatua ishirini kutoka hapa. Atafika na karatasi iliyotiwa sahihi, au atafika na ufunguo wa chumba.

"Wamenipa nafasi ya kuchagua," anamwambia mwandishi wa gazeti hili bila kuinua macho. "Kama kuku anavyoulizwa apikwe kwa mchuzi gani."

Ana umri wa miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia kujalidi vitabu. Alifundishwa na mjomba wake katika kiwanda cha uchapaji ambacho kilifungwa ndani ya wiki moja bila wafanyakazi kulipwa hata senti ya kuagana. Mjomba alitoka na kishinikizo kimoja cha chuma cha kubania vitabu na kipande cha mfupa laini cha kukunjia karatasi. Vitu hivyo viwili ndivyo urithi wake wote, na ndivyo vilivyo mezani leo.

Siku hizi watu hawajalidi vitabu. Wiki njema huletewa vitano, na vinne kati yake ni Biblia. Kushona mgongo mzima ni bei ya mikate mitatu. Chumba hakilipii kodi. Badala yake hutengeneza vitabu vyote vya nyimbo vya kanisa bure, na mwaka jana vilikuwa mia moja na arobaini.

Juu ya chumba hiki lazima tukumbushane, maana kuna watu wanapenda tusahau. Kilikuwa stoo ya mabenchi mabovu, hakina paa. Miaka kumi na tisa iliyopita kina mama wa kanisa hili walichangishana mabati, wakabeba mchanga kwa ndoo vichwani kwa wiki mbili, wajawazito wawili wakiwamo. Jiwe lililo ukutani lina majina ya wazee watano. La mwanamke halimo hata moja. Sasa wazee wanasema chumba ni "mali ya kamati".

Mama Gundi alibeba ndoo. Anaonyesha ufa wa pembeni mwa dirisha. "Hapa mchanga ulizidi," anasema, "nilikuwa na haraka, nilikuwa nimeacha maharagwe jikoni."

Maswali yalianza bila yeye kuyatafuta. Mtu akileta Biblia hukaa kwenye kibao kusubiri gundi ikauke, na gundi haina haraka. Basi huuliza. Na kabla hajafungua mdomo, Mama Gundi huwa ameshajua nusu ya shida zake, kwa kutazama kingo za kurasa.

"Kidole huacha uchafu," anaeleza. "Nikiikamata Biblia hivi, nikatazama ubavuni, naona mistari myeusi. Kuna Biblia za watu hapa, Malaki, pale penye zaka, pameiva kama kitasa cha mlango. Ayubu yuko safi kama alivyotoka kiwandani. Najua mtu huyu anaambiwa nini kila Jumapili."

Ana utaratibu mmoja na havunji. Hamsomei mtu. Humtajia sura, kisha mwenyewe asome kwa sauti, na asiisome aya peke yake: aya moja juu, aya moja chini. Asiyejua kusoma hukaa pale mpaka aje anayejua.

Asubuhi hii hii anaingia fundi baiskeli, amekuja kuchukua kitabu cha mkewe, na ana ubishi wa tangu jana.

"Mama Gundi, tumalize. Divai ya Kana ilikuwa kali au juisi?"

"Yohana mbili, aya ya kumi. Na jirani zake."

Anasoma kwa shida, kidole kikifuata mstari, kwamba watu huandaa divai njema kwanza, hata wageni wakiisha kunywa sana ndipo huletwa iliyo duni. Anacheka.

"Kumbe!"

"Juisi gani mtu akinywa sana hajui tena tamu na mbovu? Lakini usitoke mbio hivyo, shemeji. Chukua na Waefeso tano, kumi na nane, uweke mfuko wa pili. Inasema msilewe. Mkeo nitamuuliza kama ulifika nayo nyumbani."

"Na ile ya Mungu kusema jisaidie nami nikusaidie, iko wapi?"

"Naitafuta mwaka wa kumi na moja. Ukiiona, nakushonea vitabu bure mpaka nife."

Anatoka akicheka. Mama Gundi hacheki. Ametupa jicho kwenye ile karatasi.

Swali lililoileta karatasi hiyo liliulizwa wiki tatu zilizopita, na dobi wa nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko. Huyu ni mwanamke wa miaka ishirini na saba mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni. Alikuja bila kitabu cha kushona. Alikaa kwenye kibao, akangoja mpaka wateja wote walipoondoka.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa ameishi siku sita. Ubatizo ulikuwa umepangwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, kama kamati inavyopanga, watoto wote kwa pamoja, kwa urahisi wa wazee. Kichanga hakungoja ratiba. Baba yake alipokwenda kuomba sala ya mazishi, mwenyekiti wa wazee alimjibu mlangoni, akiwa amesimama, kwamba mtoto huyo hayumo kwenye orodha ya kanisa. Walimzika wenyewe, watu wanne, hakuna aliyejua aseme nini.

"Nilimuuliza," dobi anakumbuka, "mama, mwanangu yuko wapi? Nilikuwa sitaki anifariji. Nilitaka nijue."

Nasi tunakumbuka kwamba kamati hii hii, miaka minane iliyopita, ilimzika kwa kwaya mbili na spika nne tajiri mmoja ambaye mlango wa kanisa aliuona siku ya harusi yake tu. Orodha ilipatikana.

Mama Gundi alimpa dobi Samweli wa Pili, sura ya kumi na mbili. Habari zenyewe zikawafikia wazee kwa siku mbili, zikiwa zimenona njiani.

Sasa anashona mafungu ya kurasa ya katikati ya Biblia ya mwenyekiti. Ni kitabu kizuri, jalada la ngozi, kingo zimepakwa rangi ya dhahabu. Alizawadiwa siku aliposimikwa, miaka tisa iliyopita, na mgongo umekatika kwa kubebwa kwapani. Ghafla vidole vya fundi vinasita. Anainua kipande cha mfupa, anakisogeza ukingoni mwa kurasa, kisha anakirudisha mezani bila kugusa kitu. Anamaliza kushona, anapaka gundi mgongoni, anakaza kishinikizo.



Saa tisa kasoro dakika kumi anafunga mlango. Amechukua ufunguo, karatasi, Biblia ya mwenyekiti na, kwa mazoea, ule mfupa mfukoni mwa aproni. Karatasi haina sahihi.

Ukumbini wako wazee saba nyuma ya meza ndefu. Mchungaji ana makanisa manne na leo yuko kwingine, kwa hiyo kiti cha katikati ni cha mwenyekiti, mfanyabiashara wa mbao, mtu mpana, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Kulia kwake ni katibu, mwalimu mstaafu. Dobi amesimama mlangoni. Hakualikwa, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

"Mama, sisi tumekuheshimu," anaanza mwenyekiti. "Kazi yako gundi. Mafundisho yana wenyewe."

"Sikufundisha, Mzee. Niliulizwa."

"Ulimwambia huyu binti kwamba ubatizo si kitu!"

"Hapana. Nilimsomesha Mathayo ishirini na nane, pale tunapoamriwa tubatize. Ni amri, na mimi nimebatizwa humu humu. Nilichosema ni kwamba sijaona mahali panapoandikwa kuwa kichanga aliyekufa kabla ya maji ametupwa. Kama pako, nionyesheni. Nitamwomba radhi mbele yenu, na ufunguo huu hapa."

Anauweka mezani. Wazee wanautazama. Biblia ziko saba mezani, ukihesabu na hii iliyotoka kushonwa, na hakuna inayofunguliwa.

"Ulimpa andiko gani?" anauliza katibu.

"Samweli wa Pili, kumi na mbili, ishirini na tatu. Lakini kwangu mtu hasomewi. Mzee Mwenyekiti asome mwenyewe, aya moja juu, aya moja chini. Kitabu chake kimekauka."

Mwenyekiti anakivuta kwa hasira, anafunua, anapita Ruthu, anafika. Anajaribu kwa kidole gumba, halafu kwa ukucha. Kurasa hazifunguki. Ni kurasa kama kumi, zimeshikana kama kipande kimoja cha ubao.

"Umenibandikia Biblia!" Anasimama. "Mnaona? Mwanamke huyu ameharibu kitabu kitakatifu kwa gundi yake ili aniaibishe!"

Mzee mmoja anasema, "Haki ya Mungu!" Mwingine anaunyoshea mkono ufunguo.

Mama Gundi hajainuka. Anamgeukia katibu.

"Mwalimu, naomba utazame wewe. Gundi yangu inakaa mgongoni, ni nyeupe. Tazama, pana gundi kati ya kurasa? Hakuna. Sasa tazama ukingoni. Hiyo ni rangi ya dhahabu. Kitabu kipya hutoka kiwandani kurasa zimeshikwa na rangi hiyo, zinaachana siku ya kwanza mtu akizifunua."

Katibu anakiinua kitabu mpaka usawa wa dirisha. Anakigeuza.

"Dhahabu haijakatika," anasema taratibu. "Hapa hapajawahi kufunguliwa."

Mzee aliyekuwa ameunyoshea ufunguo mkono anaurudisha mkono wake.

"Kosa langu ni moja," anaendelea fundi. "Fundi hutakiwa kuziachanisha zote kabla ya kukabidhi. Asubuhi niliziona. Nikaogopa kugusa kitu cha mwenye ufunguo wangu siku ya kesi yangu. Samahani, Mzee."

Anatoa mfupa mfukoni, anausukuma mezani.

Mwenyekiti anaweza kukataa. Kwa muda inaonekana atakataa. Kisha anauchukua, anauingiza kati ya kurasa, anasukuma vibaya, na sauti inatoka kama kitambaa kinachochanwa.

Anasoma aya ya ishirini na mbili, Daudi akieleza kwamba mtoto alipokuwa hai alifunga na kulia. Anasoma ya ishirini na tatu, kwamba mtoto sasa amekufa: mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi.

"Aya ya kumi na nane inasema alikufa siku ya saba," anasema Mama Gundi kwa upole. "Tohara ni siku ya nane, Mwanzo kumi na saba; basi alikufa bila tohara, kama huyu wetu bila maji. Wako wanaosema ni siku ya saba ya ugonjwa, sibishani nao. Lakini Daudi hakuulizia orodha. Alisema nitakwenda kwake. Sasa ya chini, Mzee."

Mwenyekiti anaisoma ya ishirini na nne, na sauti yake inafika nusu tu. Daudi akamfariji mkewe.

Kutoka mlangoni dobi anasema, "Kwangu hakuna mzee aliyekuja."

Halii. Anasema kama mtu anayetaja idadi ya mashuka.

Kura inapigwa hata hivyo. Watatu wanataka karatasi itiwe sahihi, kwa sababu "utaratibu ni utaratibu". Watatu, katibu akiwamo, wanakataa. Inabaki ya mwenyekiti. Anaitazama Biblia yake, ambayo bado ina vipande kadhaa vilivyoshikana.

"Sipigi leo," anasema. "Jumatatu. Ufunguo akae nao."

Wenzake wanakusanya karatasi zao. Yeye anabaki amekaa. Mama Gundi anaponyosha mkono kuuchukua mfupa, mwenyekiti anaufunika kwa kiganja.

"Huu niachie," anasema, bila kumtazama. "Nitakurudishia."

Gazeti hili halimpigii mwenyekiti makofi. Hajamwomba dobi radhi, karatasi bado iko kwenye faili la kamati, na Jumatatu si mbali. Tutakuwapo, na jina la kila aliyepiga kura tunalo.

Jioni ya siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, chumba cha nyuma kiko wazi. Mama Gundi anakunja karatasi nyeupe kwa ukucha, maana mfupa hana, na kunung'unika kwamba ukucha haunyooshi mkunjo. Anashona kijitabu chembamba cha kurasa nne. Ndani ameandika kwa wino mweusi, herufi kubwa, aya tatu.

"Jumamosi tunakwenda kaburini," anasema. "Mimi, dobi, mumewe, na Mwalimu amesema atakuja. Mchungaji nimemtumia ujumbe, hajajibu. Akija, vizuri. Asipokuja, mama mwenyewe atasoma."

Na Jumatatu?

"Jumatatu wakinitoa, nitatafuta ukuta mwingine. Kishinikizo kinabebeka, mume wangu ana mgongo. Lakini ninachotaka hasa ni yule mzee arudi na mfupa wangu, na awe na swali."

Dobi amekaa kwenye kibao, kijitabu mapajani, gundi ikiwa bado mbichi. Aliishia darasa la nne na maneno marefu yanamshinda. Anajikwaa, anaanza upya. Anamaliza ya ishirini na mbili. Anafika kwenye ya ishirini na tatu, anaipita kwa sauti ndogo, kisha anatua kuvuta pumzi, na Mama Gundi anamngoja, sindano mkononi, mpaka aisome na ya chini.