Simu Isiyopokelewa

Mimi kalamu nimeishika darasa la tatu tu, basi nikipotea njia mnivumilie, nitarudi. Nataka kusimulia asubuhi ile ya machela, maana mpaka leo simu ikilia nairukia.

Kitongoji chetu kiko mlimani juu ya mji mdogo wa Soni, gari halifiki. Mgonjwa hubebwa hadi barabarani kwa machela, miti miwili na turubai, na machela yenyewe inalala kwangu. Wakati wa baba zetu mwenye mgonjwa alisimama ukingoni akapiga yowe, bonde zima likasikia. Simu zilipokuja tukaona mayowe ni mambo ya kizamani. Lakini vocha nani anayo? Tukakubaliana: mtunza machela akibipu, usipokee, utamlia salio lake, acha kazi, njoo. Ikawa sheria. Mtu anakuja na matope miguuni, wala haulizi nani anaumwa. Nilijivunia sana jambo lile.

Kisha mwanangu, anayefanya kazi ya ujenzi Tanga, akaniletea simu ya kupangusa. Ile ya vitufe nikampa mke wangu. Hii mpya nzuri, ina tochi, ina kwaya, ila inajipigia yenyewe mfukoni. Mimi nimeinama napalilia karoti, kumbe huko mfukoni inaita wanaume wote. Wakaja mbio, wakanikuta na jembe. Ikatokea tena, na tena. Jirani yangu mmoja, mtu wa maneno, akasema, "Mzee, mwambie huyo mgonjwa wa mfukoni avumilie, sisi tuna kabichi." Wakacheka, nami nikacheka.

Sasa asubuhi hiyo mke wa mwanangu, tunayeishi naye, akashikwa na uchungu kabla ya siku zake kutimia. Mke wangu akatoka chumbani, kanga ina damu. Hakupiga kelele. Alisema polepole, "Ita watu."

Nikabipu mmoja, nikabipu wa pili, nikabipu wote. Nikasimama ukingoni, nikawaona kule bondeni kwenye kabichi. Nikamwona jirani akitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Wenzake wakainua vichwa, wakainama tena. Basi nikapiga kweli, niseme kwa mdomo. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nani angepokea? Sheria yetu wenyewe.

Nikapiga yowe. Sauti ikaenda kufia kwenye mashine ya maji. Hiyo mashine nayo lazima niiseme. Zamani tulimwagilia kwa mfereji, maji yanatembea kimya, mtu akipiga chafya ng'ambo unamwambia afya. Siku hizi ni pampu za petroli, zinanguruma mpaka jua kali. Sizilaumu, nami ninayo moja. Lakini siku ile ningeing'oa kwa meno.

"Nateremka kuwaita," nikasema.

"Utateremka, halafu utapanda lini?" mke wangu akasema. "Utamkuta ameisha."

Akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga yowe kuelekea juu, kwenye maharage, ambako hakuna mashine kwa sababu hakuna maji. Huko walikuwa wanawake. Wakaja watatu. Sasa, machela kwetu hubebwa na wanaume. Wanawake hufuata nyuma. Wakaitazama, wakanitazama mimi.

"Mnangoja nini? Turubai linauma?" mke wangu akafoka.

Yeye mwenyewe alikuwa amemkandamiza mgonjwa kwa kanga, hawezi kuachia. Wabebaji watatu, na miti ina ncha nne. Kwetu baba mkwe hamsogelei mke wa mwanawe anapojifungua, hata mlangoni hapiti. Nikashika mbele, nisimwone.

Njia inateleza ile. Nyuma yangu nikamsikia anahema, kisha nikasikia anaongea. Alikuwa amelala kwenye machela na simu yake sikioni, anampigia mwenye gari la abiria kule barabarani. "Kaka, usiondoke hapo. Shusha abiria. Nakuja." Kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikonitisha.

"Mwanangu," nikasema bila kugeuka, "ongea."

"Nipo, baba. Angalia mawe."

Gari likaondoka nao kwenda hospitali, yeye na mke wangu. Nikakaa kando ya barabara na wale wanawake, bega limevimba. Simu ikalia, nikairukia. Alikuwa jirani.

"Mzee, mfuko wako leo umetusumbua kweli! Umeukalia?"

"Njoo uone damu kwenye turubai," nikamwambia, nikakata.

Tulikuwa tumekubaliana na mke wangu: mambo yakiwa mema, atabipu. Yakiwa siyo mema, hakusema atafanyaje, wala sikuuliza. Jua likapanda. Wanaume wakafika wakihema, wakasimama mbali na ile machela. Jirani akavua kofia. Mmoja wa wale wanawake akawaambia, "Kabichi hazijambo?"

Simu ikalia. Mke wangu. Kidole kikapokea chenyewe.

"Wewe mzee, si nilisema nitabipu? Unanimalizia salio!" Nyuma ya sauti yake kitoto kilikuwa kinalia kwa hasira.

"Na mama yake?"

"Yupo. Hana nguvu, wanamwongeza damu, lakini yupo. Ameuliza bega lako. Haya, nakata."

"Usikate," nikasema. "Ongea mpaka liishe."