Aliyewatembeza Mbwa Kwenye Manyunyu

Amefariki mtu niliyemfahamu kijijini Nyamiaga, na wasomaji wa safu hii msitarajie machozi. Miaka ile wakimbizi walipofurika Ngara, alikuwa msimamizi wa magari katika shirika moja la misaada, nami, nikiwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nilikuwa mkalimani wake. Alikuwa na bustani ya waridi yenye vijia vya kokoto, na mbwa wawili wenye manyoya marefu. Aliwatembeza humo kila asubuhi, polepole, mwavuli mkononi, kana kwamba nje ya ua ule hapakuwa na dunia.

Asubuhi moja ya manyunyu, mama mmoja jirani aliingia bustanini miguu peku. "Shikamoo, mama," alisema bosi, maana adabu ya mdomo hakupungukiwa. "Marahaba, mwanangu. Mke wa mwanangu ana uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Nisaidie gari lile." Bosi alimtazama mbwa aliyekuwa akinusa waridi. "Nikimaliza kuwatembeza hawa tutazungumza. Wakikatishwa wananuna." Nikasema ningeweza kuendesha mimi. "Gari ni la wakimbizi, si la wenyeji," akanijibu, ingawa jana yake gari hilohilo lilikuwa limewapeleka mbwa Biharamulo kuchanjwa. Mama aliwafuata nyuma hadi mwisho wa kijia, wakageuka, akageuka nao, kisha akaondoka bila kuaga. Wanaume wa kitongoji walimbeba mzazi kwa ingobyi, ile machela ya kusukwa inayobebwa mabegani kwa kupokezana, wakiteleza kwenye tope. Mzazi alipona. Mtoto alizaliwa njiani, amekufa.

Tuliambiwa miaka ile kwamba huruma imefika Ngara, na kweli ilifika, pamoja na mahema na magari. Misitu yetu iliishia kwenye mafiga ya kambini na hatukununa sana, maana tuliwaona wenye njaa wakipika. Lakini kwa watu kama yeye huruma ilikuwa ajira, na asiyehusika na ajira hiyo alikuwa usumbufu tu. Simchukii kwa kupenda mbwa. Mbwa hawakunikosea.

Shirika lilipoondoka, yeye alibaki na nyumba na bustani yake. Kwetu kila nyumba hutoa bega kwenye ingobyi. Isiyotoa haibebewi mgonjwa wala maiti mpaka ilipe faini ya pombe ya ndizi. Hakuwahi kutoa bega, wala hiyo pombe. Wiki iliyopita, mara baada ya msemaji mmoja mazishini kumsifu kwa kupenda viumbe, gari lililobeba jeneza lake lilikwama kwenye tope la mlima wa makaburini. Vijana walisimama pembeni, mikono mifukoni. "Ashuke atembee," mmoja alisema. "Si alipenda kutembea?" Watu wakacheka chinichini. Ndipo yule mama, sasa bibi kizee, akalinyooshea jeneza fimbo yake. "Mbebeni. Asije akadhani na sisi tuna mbwa wa kutembeza."

Tulimbeba, nami nikiwa mmoja wa wabebaji, tukimlaani kimoyomoyo kila tulipoteleza. Zamu ya kubeba haingoji aliyelala mle awe amependwa. Yeye alikufa bila kulijua hilo, na ilibidi afundishwe kimya, juu ya mabega yetu.